Tusimfukuze Shujaa Mwenye Dhambi



Wapo miongoni mwetu wanaotaka vijana wasiguse kitabu cha katuni ambacho shujaa wake ana doa. Shujaa, wanasema, awe mwema tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Leo hatuna budi kupingana nao, na mfano wetu ni toleo namba 181 la Daredevil, lililotungwa na Frank Miller na kuchapishwa Marekani mwaka 1982.

Matt Murdock ni wakili kipofu wa New York. Mchana anatetea sheria mahakamani. Usiku anavaa kinyago na kutumia ngumi. Elektra, aliyempenda tangu chuoni, amekuwa muuaji wa kukodiwa. Anatumwa amwue Foggy Nelson, rafiki wa Matt. Foggy anamtambua kuwa ndiye yule msichana wa Matt, naye moyo unamshinda, anamwacha aende. Muda si mrefu muuaji mwingine, Bullseye, anamchoma kwa silaha yake mwenyewe. Elektra anajikokota hadi kwa Matt na kufia mikononi mwake.

Mwaka uliotangulia, katika toleo namba 169, Matt alikuwa amemwokoa Bullseye huyo huyo asikanyagwe na treni. Sasa, wakipigana juu ya barabara, anamshika mkono asianguke, kisha anauachia. Bullseye anaanguka na kupooza.

Wapinzani wetu watauliza: je, hapa kijana hafundishwi kwamba huruma ni upumbavu na kisasi ni haki? La hasha! Aliyemwua Elektra ni Bullseye, si huruma. Tena tendo lililo jema kuliko yote katika hadithi hiyo ni huruma ya Elektra mwenyewe kwa Foggy. Wala mtunzi hampigii Matt makofi. Katika toleo namba 191, la mwaka 1983, anamketisha kando ya kitanda cha Bullseye hospitalini, akisimulia habari za mvulana aliyempenda Daredevil kupita kiasi, hata akampiga mwenzake risasi shuleni. Shujaa anajiuliza kama ni yeye aliyemfundisha. Shutuma tunayomtupia mtunzi, yeye aliiandika kabla yetu.

Au tumemsahau Daudi? Maandiko hayakuficha habari za Bathsheba wala damu ya Uria. Yangalificha, toba ya mfalme ingekuwa na maana gani kwetu?

Tunakubali kwamba mtoto mdogo asipewe kitabu hiki, maana kina damu nyingi. Lakini kijana anayekaribia utu uzima atakutana na watu wa namna ya Matt, na huenda akajikuta yeye ni mmoja wao. Basi asome, na mzazi asome pamoja naye, kisha amwulize: Matt alipouachia ule mkono, aliyeanguka ni Bullseye peke yake?