Pampu au Bomba: Neno la Kiingereza Linapotafuta Kina Pwani ya Tanga

Tarehe 5 Agosti 2017 jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi liliwekwa Chongoleani, karibu na mji wa Tanga. Mradi huo, wenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda, umeleta pwani ya kaskazini mwa Tanzania mitambo pamoja na majina ya mitambo: tanki, pampu, valvu, kontena, kreni. Mfasiri wa taarifa hutosheka neno likieleweka. Mtunzi wa shairi na mwanafunzi wa ushairi wana swali la ziada: neno hili la Kiingereza lina kina gani?

Wengi hulijibu swali hilo kwa kufungua programu za kutafutia vina ambazo ziliundwa kwa ajili ya Kiingereza. Jibu linalopatikana humo ni sahihi kwa Kiingereza, lakini halimfai mtunzi wa Kiswahili.

Kina hukaa wapi

Katika Kiingereza, kina kamili huanza kwenye irabu yenye mkazo na kuendelea hadi mwisho wa neno. Tahajia haiaminiki, kwa sababu maneno yanayoandikwa kwa mfanano huweza kutamkwa kwa tofauti kubwa. Ndiyo maana John Walker alipotoa kamusi yake ya vina jijini London mwaka 1775, aliunganisha vina na matamshi. Programu nyingi za leo nazo hutegemea orodha za matamshi.

Kina cha Kiswahili ni silabi ya mwisho, nayo kwa kawaida huishia kwa irabu. Katika shairi la kimapokeo lenye mizani 16 kwa mshororo, silabi hiyo hurudiwa mwishoni mwa ukwapi na mwishoni mwa utao. Kwa hiyo neno la Kiingereza linaloishia kwa konsonanti halina kina cha Kiswahili mpaka lipewe irabu.

Irabu hiyo haitolewi kiholela. Baada ya konsonanti za midomo, kama vile b, m na p, aghalabu huja u: klabu, timu, filamu, stempu. Baada ya konsonanti nyingine nyingi huja i: benki, tiketi, hoteli, reli, kreni. Maneno ambayo kwa Kiingereza huishia kwa sauti hafifu ya -er hupata a: kompyuta, mita, spika. Mtu anayeijua kanuni hii hukisia kina kabla ya kufungua kamusi. Klabu hukutana na kitabu, taabu na adabu. Timu na filamu hukaa na elimu na kalamu. Reli ina kweli, hali na mali. Kompyuta na mita hupatana na mafuta, nyota na vita. Kreni na stesheni zina utajiri mkubwa zaidi, kwa kuwa kiambishi -ni cha mahali huifanya karibu kila nomino ya kawaida kuwa mwenza wake: bandarini, shambani, melini.

Kitu kimoja, vina viwili

Ugumu huonekana katika neno pampu. Kina chake ni -mpu, na wenzake ni wachache: stempu, na mengine ya kuhesabika. Lakini Kiswahili kina neno la zamani zaidi kwa chombo hicho hicho, bomba, lililotoka Kireno, ambalo hutaja mfereji wa kupitishia kimiminika na pia chombo cha kukisukuma. Kina -mba kina nyumba, shamba, kamba, chumba, mwamba na sambamba. Anayechagua pampu amejifungia mlango, na anayechagua bomba amefungua nyumba nzima. Gharama yake ni utata: muktadha ni lazima uoneshe kama ni mfereji au ni mtambo.

Hali ni hiyo hiyo kwa mahali pa kusomea. Zanzibar hutumia skuli, lililotoka Kiingereza, lenye kina -li. Bara hutumia shule, lililotoka Kijerumani, lenye kina -le, linalokaa na yule, pale na milele. Tanga inahusika moja kwa moja, kwa kuwa serikali ya Kijerumani ilifungua shule yake mjini humo katika miaka ya 1890.

Kasoro ya mashine na ya kamusi

Programu inayolinganisha herufi mbili za mwisho itasema kwamba raha, picha na presha zina kina kimoja, kwa sababu zote huishia kwa -ha. Sikio linakataa. Raha huenda na furaha na siha. Picha huenda na kocha na kucha. Presha huenda na kesha na maisha. Vivyo hivyo Tanga hupatana na anga, mchanga na mpunga, wala si na mboga na woga. Chombo cha vina vya Kiswahili ni lazima kikate silabi kabla ya kulinganisha.

Kamusi zetu nazo hupangwa kwa herufi ya kwanza, mpango usiomsaidia mtunzi. Upo mfano wa kale: Lisan al-Arab ya Ibn Manzur, iliyokamilika mwaka 1290, hupanga mizizi kwa konsonanti yake ya mwisho. Orodha ya Kiswahili iliyopangwa kwa silabi ya mwisho, ikitenga nomino na vitenzi, ingewafaa walimu na watunzi. Utengano huo una sababu. Vitenzi vinavyoishia kwa -wa, -na na -sha ni vingi mno, na mwanafunzi akiachiwa hujaza ubeti mzima kwa kina cha bei rahisi.

Kinachoweza kupotea

Pwani hii imekwisha kuyapokea maneno ya kigeni bila kuuvunja utungo. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, alikuwa karani wa forodha kuanzia mwaka 1926 hadi 1944, na Pangani ilikuwa miongoni mwa vituo vyake. Kabla yake, Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga utenzi juu ya Wajerumani kuitwaa Mrima, naye akawaita Wadachi: jina la kigeni lililokwisha kuvikwa kiambishi na irabu, tayari kwa kina.

Leo maneno mengi ya kiufundi hutamkwa katikati ya sentensi ya Kiswahili yakiwa na umbo lake la Kiingereza, bila irabu ya mwisho. Neno la namna hiyo hueleweka kazini, lakini haliwezi kusimama mwishoni mwa mshororo. Yakizidi kuwa mengi, ushairi wa vina utabaki na jahazi, karafuu na mwezi, huku Chongoleani ikikosa mtunzi wa kuisimulia. Mwalimu anayemwongoza mwanafunzi, na mfasiri anayeamua kati ya pampu na bomba, hawana budi kuuliza mapema: neno hili litaishia kwa irabu gani, na nani atakaa nalo?