Waacheni Haydom wasali, ninyi lipeni deni

Kuna hoja imerudi tena kwenye vijiwe vyetu sisi tunaojiita wasomi wa mjini, na mimi imenichosha. Hoja yenyewe ni hii: hospitali za makanisa zinapokea ruzuku ya Serikali, baadhi ya wafanyakazi wake wanalipwa mshahara na Hazina, kwa hiyo waache mara moja tabia ya kuanza siku kwa sala. Nchi haina dini, Katiba imesema. Mgonjwa anataka dawa, hataki pambio. Anayesema haya kwa kawaida ana kadi ya bima mfukoni, anakaa dakika ishirini kutoka hospitali tatu, na Mbulu anaijua kwa vitunguu saumu tu.

Nitamjibu, na nitamjibu kwa ukali kidogo. Atakayekwazika anisamehe.

Tuanze na mahali penyewe. Hospitali ya Kilutheri Haydom iko kusini-magharibi mwa mji wa Mbulu, mkoani Manyara. Ilianzishwa na wamisionari kutoka Norway mwaka 1955, leo iko chini ya KKKT Dayosisi ya Mbulu, na ina vitanda takribani 400. Wagonjwa wanatoka Mbulu, wanatoka Hanang, wanatoka Mkalama na Iramba upande wa Singida. Mnakumbuka Mei 2022, mbunge wa Mbulu Vijijini, Flatei Massay, alipopiga sarakasi ndani ya Bunge akidai barabara? Mlicheka sana. Ile video ilizunguka kwenye simu zetu wiki nzima, na sikumsikia mtu hata mmoja pale kijiweni akiuliza ni barabara gani hiyo inayomfanya mtu mzima mwenye suti apige sarakasi mbele ya Spika. Ni hiyo ya kwenda Haydom, jamani. Ndiyo wanayopita wajawazito, wengine wakiwa wamepakiwa kwenye pikipiki.

Sasa sala. Niliwahi kukaa pale siku kadhaa kwa ajili ya makala ambayo mhariri wangu hakuitoa (hayo tuyaache). Asubuhi, kabla kazi haijaanza, wafanyakazi wanakutana. Wanaimba wimbo kutoka kitabu cha nyimbo cha KKKT, mtu anasoma fungu la Biblia na kusema maneno machache, wanaomba, wanatawanyika. Baada ya hapo madaktari na wauguzi wanakaa kusikiliza taarifa ya usiku: nani kalazwa, nani kajifungua, nani amefariki. Hayo ndiyo yote. Hakuna kupiga kelele, hakuna mtu kuanguka chini, hakuna mafuta ya upako. Anayefua mashuka, mlinzi na daktari bingwa wanaimba pamoja kabla hawajaachana kwenda kila mtu na kazi yake. Nitajieni ofisi moja hapa mjini ambako mkurugenzi na mfagizi wanakutana kila siku kwa jambo lolote, hata chai.

Nilimuuliza mama mmoja wa Kiiraqw aliyekuwa akimuuguza mkwewe. Yeye si mtu wa kanisani, aliniambia hivyo mwenyewe bila aibu. Sala ile haimsumbui? Alicheka. Akasema wakisikika wanaimba, yeye anajua madaktari wameshafika.

Mnaosema sala hizi ni ugonjwa tulioletewa na wazungu, hebu nendeni mkawasome Wairaqw kwanza. Wana kitu kinaitwa slufay. Ni maombi marefu ya baraka, yana lugha ya kishairi, yanatamkwa na mzee anayejua kusema, na waliokusanyika wanaitikia. Yanaomba mvua, yanaomba amani, yanaomba maradhi yaondoke katika nchi. Kwa hiyo watu kukusanyika na kuliombea jambo lao kwa pamoja ni desturi iliyokuwepo kabla Mnorway yeyote hajafika. Kanisa lilikuta mlango uko wazi.

Halafu kuna suala la kuaminiwa, na hili wasomi wetu hawaligusi kabisa. Eneo lile linakutanisha watu wa asili nne tofauti kabisa: Wairaqw ambao lugha yao ni ya Kikushi, Wadatoga ambao ni Waniloti (wengi mnawaita Wamang'ati, jina wasilolipenda), Wanyiramba na Waisanzu ambao ni Wabantu, na Wahadzabe wa Bonde la Yaeda, ambao lugha yao haina ndugu. Historia yao na wageni wenye mipango mizuri si nzuri. Ulizeni Hanang. Miaka ya 1970, kwa msaada wa Kanada, shirika la umma la NAFCO lilipanua mashamba makubwa ya ngano kwenye uwanda wa Basotu. Wadatoga wa tawi la Wabarbaig walipoteza malisho yao bora, kama ekari 100,000, na trekta zikapita mpaka kwenye makaburi ya wazee wao. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani, mwaka 1984 wakashinda Mahakama Kuu, mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikawapokonya ushindi ule. Mtu aliyefanyiwa hivyo humwambii "njoo umchome mwanao sindano" akaja mbio.

Haydom walifanyaje? Walikaa. Daktari Ole Halgrim Evjen Olsen alifika mwaka 1961 na akaitumikia hospitali ile kwa zaidi ya miaka 40. Kliniki za mkoba ziliwafuata akina mama vijijini, na ndege ndogo za MAF zilitua kwenye viwanja vya nyasi kupeleka chanjo ambako gari haliendi. Watu walizoea kuona sura zilezile. Unaweza kuwa huamini wanachokiamini, lakini unajua wanakiamini, na kwamba kesho asubuhi watakuwepo tena. Mimi nasema sala ile ni sehemu ya kuwepo huko. Mnaodhani mnaweza kuikata na kilichobaki kikaendelea vilevile hamjaniambia bado mmelijuaje hilo.

"Lakini sala haitibu." Sawa! Nani pale kasema inatibu? Nawapeni mfano mmoja, na naomba muusome polepole maana ndio ulionifanya nikae kuandika haya.

Mwaka 2010 wakunga na wauguzi wa Haydom walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Kuna dakika moja tu ya kwanza ya kuokoa jambo. Walifunzwa kwa mwanasesere wa mpira aliyetengenezwa Norway. Kwenye mtihani walifanya vizuri. Kisha watafiti, wakiwemo wa hospitali hiyohiyo, wakaingia chumba cha kujifungulia kuangalia kama kazi imebadilika. Haikubadilika. Hospitali nyingi zingeishia kwenye picha za vyeti na fulana. Wao walichapisha matokeo hayo mabaya dunia nzima iyaone, kisha wakabadili utaratibu: mwanasesere akawekwa palepale wodini, na mazoezi yakawa mafupi, dakika chache, lakini ya mara kwa mara, yanarudiwa na kurudiwa. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 kwa kila watoto 1,000 hadi 7.2. Kazi iliyokua kutokana na hayo ilipelekwa katika vituo 30 kwenye mikoa 5 ya Tanzania, Manyara ikiwemo, na mwaka 2025 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo: vifo vya akina mama katika vituo hivyo vilipungua kwa takribani robo tatu.

Hao ndio watu mnaotaka kuwafundisha sayansi. Walipima, wakakubali kwamba wameshindwa, wakarudia. Na kila siku ya kazi walianza kwa wimbo. Ninyi mnaona mgongano hapo. Mimi nimeutafuta sijauona.

Sala yenye madhara nchi hii naijua, na haikutoka Haydom. Mwaka 2011 kule Samunge, Loliondo, mchungaji mstaafu wa KKKT huyohuyo, Ambilikile Mwasapile, alisema ameoteshwa dawa. Kikombe shilingi 500. Kinaponya kisukari, kinaponya UKIMWI, kinaponya saratani. Nani alikwenda? Foleni ile ilikuwa ya mashangingi! Waliokwenda ni mawaziri, wabunge, wafanyabiashara, wahadhiri, wengine kwa helikopta. Wapo waliotolewa vitandani hospitalini wakafia njiani, na wapo walioacha dawa za kupunguza makali ya virusi. Msiniambie basi ushirikina wa dini ni tatizo la watu wa Mbulu. Mji ulipanga foleni kwa mzee yule, tena kwa mafuta ya Serikali.

Miaka tisa baadaye ikaja Corona. Aprili 2020 Rais Magufuli alitangaza siku tatu za maombi ya kitaifa. Sina ugomvi na maombi yale hata kidogo. Ugomvi wangu ni kwamba muda mfupi baadaye takwimu zilikoma: wagonjwa 509, vifo 21, kimya. Juni tukaambiwa sala zimeuondoa ugonjwa. Na nani alisema hapana? Januari 2021 Baraza la Maaskofu Katoliki liliwaambia waumini wachukue tahadhari, na Machi katibu wake, Padri Charles Kitima, akasema hadharani kwamba mapadri zaidi ya 25 na masista zaidi ya 60 wamefariki ndani ya miezi miwili. Wenye hospitali, wenye kuzika, ndio waliohesabu. Wasomi wetu wengi wakati ule walikuwa wanajifukiza nyumbani na kuandika kwa majina ya bandia.

Sasa nisije nikaonekana mpiga debe wa kanisa. Kuna mambo mawili kwenye hoja ya wapinzani wangu ambayo yana uzito. La kwanza, Ibara ya 19 ya Katiba inasema ibada ni hiari ya mtu. Muuguzi Mwislamu aliyepangiwa na Serikali kwenye hospitali teule ya kanisa asihesabiwe mtoro kwa kutokuwepo kwenye wimbo, na mgonjwa asiombewe bila kuulizwa. Mahali popote panapofanya hivyo panakosea na pashitakiwe. La pili, ndugu zetu Waislamu wamekuwa wakilalamikia makubaliano ya mwaka 1992 kati ya Serikali na makanisa kwamba fedha za wote zinapita mlango mmoja. Walijibiwa kwa dharau muda mrefu, na hiyo ni aibu. Jibu la haki ni mkataba wa huduma ulio wazi kwa taasisi yoyote ya dini yenye hospitali, kwa masharti yaleyale, na hesabu zisomwe hadharani. Hapo tuko pamoja.

Lakini kutoka hapo kuruka hadi "wafunge kanisa au tuwanyime fedha" ni kugeuza mambo kichwa chini miguu juu. Nani anamfadhili nani? Sera ya Serikali inasema mjamzito, mtoto chini ya miaka mitano na mzee asiye na uwezo watibiwe bure. Tamko zuri sana. Damu, gesi ya oksijeni, dizeli ya jenereta na nyuzi za kushonea havijui tamko. Hospitali za makanisa zimelalamika miaka na miaka kwamba fedha za kufidia huduma hizo hazitoshi au zinachelewa. Pengo hilo Haydom limezibwa kwa muda mrefu na pesa za Wanorway, wengine wazee wanaochangia makanisani kwao huko fjodini. Yaani anayejifungua Mtanzania, anayetoa tamko Mtanzania, anayelipa bibi wa Stavanger! Na Januari 2025 Marekani ilipofunga ghafla mabomba ya misaada yake, nchi nzima tuliona pesa ya mwenzio inavyoweza kukatika kwa saini moja.

Mwaka jana shangazi yangu alipandwa na presha akapelekwa hospitali moja ya binafsi hapa jijini, siitaji jina. Neno la kwanza alilolisikia dirishani ni "dipoziti". Hakuna aliyemwombea, wanakijiwe wangu mtafurahi. Hakuna aliyempima pia, mpaka tulipotuma laki tatu kwa simu.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Ina sehemu inayohusu kuwagharamia wasio na uwezo. Wizara ya Afya husoma bajeti yake kila mwaka Dodoma, Mei hivi, na kitabu kile mtu yeyote anaweza kukipata. Mnaotaka wimbo wa asubuhi ufutwe Haydom, kifungueni, mnionyeshe kwa kidole fungu litakalolipia Mhadzabe wa Yaeda anayefanyiwa upasuaji wa uzazi saa nane za usiku. Mkilipata niandikieni, nitalichapisha hapahapa na jina lenu juu.