Mambo ya Nyumbani: Kopo na Kazi Yake

Ndugu wasomaji, mwezi huu twataka kunena habari za chumba kimoja cha nyumba yetu, ingawa twaona haya.

Sisi tulilelewa siku za dhiki. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, vitu viliadimika sana madukani Tanzania: sabuni, sukari, hata nguo. Watu walipanga foleni tangu alfajiri, na pengine walirudi mikono mitupu. Mama yetu hakutupa kitu. Kopo likawa koroboi, gunia likafumuliwa likawa kamba, na vipande vya sabuni vikakandwa pamoja vikawa kimoja.

Basi tulipokuwa watu wazima tuliyashika mafunzo yale bila kuyapima. Chumba cha uani kikajaa makopo, chupa, saa mbovu, na gunia zima la mifuko ya plastiki, ambayo imekatazwa tangu tarehe 1 Juni 2019. Kila tulipotaka kutupa, mkono ulikataa. Tuliona kana kwamba twamdharau mama.

Mwaka jana mama akaugua miguu, tukamleta akae nasi. Hapakuwa na mahali pa kitanda chake. Akalala sebuleni siku nne, watu wakipita. Siku ya tano akajikongoja mpaka mlango wa chumba kile, akatazama, akauliza, "Kopo hili la nini, mwanangu?"

Tukajibu, "Huenda likafaa, mama."

Akasema, "Langu lilikuwa na kazi kabla sijaliosha. Haya yako yangoja nini?"

Hatukuwa na jibu. Tukaanza siku ile ile, mama ameketi mlangoni akiamua. Vilivyo vizima tukawapa majirani wenye haja navyo. Makopo ya nje yaliyokinga maji ya mvua, ambamo mbu huzaliana, tukayatoboa, tukayapeleka jalalani pamoja na takataka nyingine.

Twakiri, haikuwa kazi nyepesi. Jioni tulirudi jalalani kwa siri kulichukua kopo moja la maziwa. Mama akatuona, akacheka, akatuambia tulipe kazi kabla ya Jumapili. Sasa lina misumari.

Enyi wenye nyumba, akiba ni jambo jema, wala msiache kuwafunza watoto. Lakini fungueni vyumba vyenu, mkakiulize kila kitu kazi yake, msije mkakosa mahali pa kumlaza mzazi kwa ajili ya makopo.

Kwaherini mpaka mwezi ujao.