Kukodi gari Babati: Tazama barabara kabla ya bei

Mfanyabiashara anayefika Babati kununua mahindi huuliza kwanza bei ya gari kwa siku. Kwa maoni yetu, aanze na barabara. Lami ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilizinduliwa mwaka 2018, na kwenda Arusha au Singida nako ni lami. Kwa safari hizo, na kwa mizunguko ya mjini, gari dogo latosha. Anayekodi Land Cruiser anamimina faida yake kwenye tangi la mafuta.

Ukiiacha lami kuelekea mashambani, hesabu hugeuka. Kiangazi vumbi huziba chujio la hewa; masika tope hulaza gari dogo. Siku moja ya kukwama ni malipo ya gari, posho ya dereva, na mzigo ambao mwenzako ameshaununua. Hapo kodi gari lililoinuka, linalovuta kwa magurudumu yote manne, lakini kwa siku za shambani tu.

Kabla ya kulipa, kagua tairi la akiba, jeki na bima. Andikianeni nani atalipia mafuta na matengenezo. Kisha gawanya gharama yote kwa idadi ya magunia. Gari likimeza faida ya gunia, mzigo huo uache.