Ramani ya Karatasi Isitupwe

Linaulizwa siku hizi, maofisini na barazani, swali ambalo halikuwapo enzi za baba zetu: je, inafaa kutumia fedha kununua chombo kinachomwongoza dereva kwa msaada wa setilaiti, au ramani ya karatasi ingali inatosha? Wapo wanaosema kwamba karatasi imekwisha zama zake. Wapo pia wanaokiona chombo hicho kuwa ni anasa. Sisi tunaamini kwamba vyote viwili vina kazi, na kwamba gharama inayostahili kujadiliwa hasa ni ile ya kuipima nchi na kuiweka ramani yake katika hali ya kuaminika.

Kwetu Visiwani swali hili laweza kuonekana dogo, kwani Unguja anayepotea njia hatimaye hutokea pwani. Lakini watumishi na wafanyabiashara wetu huvuka kwenda Bara kila siku, na safari za huko ni ndefu. Natuchukue mfano wa Hirbadaw, katika pande za Hanang na Mbulu, mkoani Manyara. Mtu wa Unguja anayekwenda huko hushuka Dar es Salaam, hupita Morogoro na Dodoma, hupanda hadi Babati, kisha hugeuka kuelekea Katesh, chini ya Mlima Hanang wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400. Barabara ya lami kutoka Dodoma hadi Babati ilifunguliwa rasmi mwaka 2018. Mwenye ramani ya zamani hawezi kuiona lami hiyo. Mwenye chombo kipya huonyeshwa, na tena huambiwa amebakiwa na kilomita ngapi.

Katika safari ya namna hiyo sifa za chombo hazikanushiki. Hupokea ishara za setilaiti zisizopungua nne, zinazozunguka dunia kwa umbali wa kilomita 20,000 hivi, na kwa kupima muda wa ishara hizo hujua gari liko wapi, usiku au mchana. Dereva mgeni, aliye peke yake, hahitaji kusimama kila njia panda na kukunjua karatasi juu ya boneti.

Taabu huanza mahali lami inapokwisha. Setilaiti hutaja mahali gari lilipo, haitaji hali ya njia. Katika nyanda zenye udongo mweusi, njia inayopitika kiangazi huwa tope lisilopitika masika, na mashine iliyoagizwa kutafuta njia fupi humpeleka dereva humo humo bila ya kusita. Tena, ingawa setilaiti hazihitaji mtandao wa simu, ramani inayoonekana katika kioo cha simu aghalabu huletwa na mtandao huo. Mnara ukikosekana, hubaki alama moja ya buluu juu ya uwanja mtupu. Liko na suala la majina. Katika nchi ya Wairaqw na Wadatoga, jina moja huweza kuandikwa kwa namna mbili au tatu. Mtu akisoma Hirbadaw au Hirbadau atafahamu kuwa ni mahali pamoja. Mashine huenda isifahamu.

Karatasi nayo isisifiwe kupita kiasi. Humwonyesha msafiri nchi nzima kwa mara moja: milima, mito, vijiji na njia ya pili iwapo ya kwanza imeziba, wala haiishiwi na umeme. Lakini karatasi huzeeka. Iliyochapwa kabla ya mwaka 2002 inaiweka Hanang katika mkoa wa Arusha, kwani Manyara ilikuwa haijazaliwa. Iliyopimwa kabla ya miaka ya 1970 haiwezi kuonyesha mashamba makubwa ya ngano ya uwanda wa Basotu, yaliyoanzishwa kwa msaada wa Kanada, ambayo yalizikata njia za kale za wafugaji na mifugo yao.

Msiba wa Hanang ulitufunza zaidi. Tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope, mawe na magogo kutoka mlimani yaliifunika sehemu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Katika saa kama hizo, ramani ya jana, iwe ya kioo au ya karatasi, huonyesha barabara mahali palipo na tope. Chombo kinaweza kurekebishwa siku ile ile, lakini kwa sharti moja: awepo mtu aliyepewa kazi ya kuipeleka habari. Karatasi haiwezi kurekebishwa kwa haraka hivyo, lakini humwonyesha mwokoaji pa kuzungukia, hata kama minara imezimika.

Visiwani tumekwisha kuona faida ya kupima. Mwaka 2016 ilianzishwa kazi ya kuzipiga picha Unguja na Pemba kwa ndege ndogo zisizo na rubani, chini ya Kamisheni ya Ardhi, na vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wakashiriki. Huo ni utajiri wetu wenyewe. Ndani ya Mji Mkongwe, ambamo kuta ndefu huzirudisha ishara za setilaiti na kukipotosha chombo, mtu angali akitegemea ramani iliyochorwa vyema, au mtoto wa mtaa.

Tusisahau pia kwamba setilaiti hizo si mali yetu. Hadi mwaka 2000 Marekani ilikuwa ikiupunguza kwa makusudi usahihi wa ishara walizopewa raia. Leo Urusi, China na Umoja wa Ulaya nao wanayo mitambo yao, na hilo ni jambo jema. Lakini nchi isiyokuwa na ramani yake huazima macho ya watu.

Kwa hiyo tunatoa rai kwa wahusika. Gari la Serikali linalotumwa mbali lichukue vyote viwili, na ramani ihifadhiwe katika chombo kabla ya safari. Ramani za wilaya zipimwe upya, zichapwe na ziuzwe kwa bei nafuu makao makuu ya kila wilaya. Kazi ya anwani za makazi iliyofanywa mwaka 2022, kabla ya Sensa, iendelezwe vijijini, na majina yaandikwe kwa kuwauliza wenyeji. Halmashauri ziteue afisa wa kutoa habari za madaraja yaliyovunjika na njia zilizofungwa.

Chombo cha shilingi laki kadhaa kikiwekwa juu ya ramani mbovu ni hasara. Kikiwekwa juu ya ramani njema, kinastahili bei yake. Mpima ardhi ndiye anayetangulia, na bajeti nayo imtangulize.