Vinundu viko kwenye ngozi, lakini kifua nacho kipimwe

Abiria mwenye vinundu tele usoni akiingia kwenye matatu, kuna wale huhama kiti. Wengine hunong'ona ati amerogwa. Hajarogwa, na wala hawezi kukuambukiza. Ana neurofibromatosi aina ya kwanza, maradhi ya jeni yanayompata takriban mtoto 1 kati ya 3,000. Karibu nusu yao hawana mzazi mwenye maradhi hayo.

Kejeli hizi zina gharama. Zinafanya vijana wengi wajifiche nyumbani badala ya kwenda kliniki. Na hata wakifika, mara nyingi kinachotazamwa ni ngozi tu.

Ukweli ni kwamba kwa baadhi ya watu wazima, maradhi haya huingia mapafuni. Vifuko vya hewa hutokea sehemu ya juu na makovu hutanda chini. Wengine hupata presha kwenye mishipa ya damu ya mapafu, na moyo unalemewa.

Kwa hivyo, kama una maradhi haya na siku hizi unahema ukipanda ngazi, au kikohozi hakiishi, usinyamaze. Pimwa TB kwanza, hiyo ni sawa kabisa. Lakini ukiambiwa huna, usikubali kurudi nyumbani na chupa ya dawa ya kikohozi tu. Mwambie daktari wazi kuwa una neurofibromatosi, kisha uulize kuhusu kipimo cha nguvu ya pumzi, skani ya CT ya kifua na eko ya moyo. Na kifua kikiuma ghafla huku hewa ikikosa, kimbia hospitali. Huenda pafu limetoboka, na hiyo ni dharura.

Makovu yakishaingia hayafutiki. Ila kuna la kufanya: chanjo za mafua na nimonia, dawa za presha ya mapafu, na oksijeni ikihitajika. La kwanza kabisa halihitaji hata shilingi: achana na sigara na shisha. Madaktari wanashuku kuwa moshi huharibu mapafu haya mapema zaidi. Beste wako akikataa kuvuta, usimwite mshamba.

Wahudumu wa afya nao wasiishie kuhesabu vinundu. Waweke stethoskopu kifuani na waulize swali moja rahisi: pumzi yako iko aje?