Anayeuliza Hapingi Maendeleo

Kila mradi wa umma unapokwama Eastlands, Nairobi, jibu huwa limeshapikwa: wakazi wanapinga maendeleo. Mwakilishi wadi akilitamka ukumbini watu huitikia kwa vichwa, na mama aliyesimama nyuma kuuliza swali huketi ameshakuwa msaliti wa mtaa. Si jambo geni. Serikali ya wakoloni nayo iliwaona wachochezi watu waliokutana Ukumbi wa Kaloleni kudai uhuru. Lakini imani hii ni ya uongo, na ndiyo inayorefusha migogoro ambayo ingeisha kwa mikutano miwili.

Chukua kidimbwi cha kuogelea. Tuseme kaunti inataka kukarabati kimoja cha umma chenye urefu wa mita 25, upana wa mita 10 na kina cha wastani cha mita moja na nusu. Hizo ni lita 375,000, yaani mitungi 18,750 ya lita 20. Mkazi wa Umoja au Kayole anayeamka saa tisa usiku kusikiliza kama mfereji umeanza kutoa maji, akiuliza hayo yatatoka wapi, amepinga nini? Ameuliza swali la mhandisi. Tena lina jibu. Kidimbwi hakijazwi upya kila siku. Pampu huzungusha maji yaleyale, yakachujwa kwenye mchanga na kutiwa klorini, na kinachoongezwa ni kiasi kilichopotea, kama vile kilichokauka kwa jua au kumwagwa na waogeleaji. Hiyo ni ikiwa nyufa zimezibwa. Hapo linazuka swali la pili, na hili ndilo wakubwa hawalipendi: ukarabati umeanzia kwenye nyufa na pampu, au kwenye vigae vya samawati ili picha za uzinduzi zipendeze?

Shaka ya watu hawa ina historia. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilianika jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria. Januari 2015, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road walirushiwa vitoa machozi wakidai uwanja wao wa kuchezea uliokuwa umezungushiwa ukuta. Kwa hiyo mtu wa Maringo akiamka na kukuta kiwanja kimezungushiwa mabati, hakuna ubao unaotaja mwanakandarasi wala muda wa kazi, hawazii ukarabati. Anawaza hatimiliki.

Kisha kuna ufunguo, jambo ambalo vikao vya ukumbini hulikwepa kabisa. Kabla ya ukarabati mtoto hupenya kwenye tundu la ua. Baada yake kuna geti, askari na ada. Uwanja wa Camp Toyoyo pale Jericho umewekewa nyasi bandia, na ni jambo la kushukuru, ila nyasi hizo huchakaa na lazima ratiba iwepo. Sasa asiye na timu atacheza saa ngapi? Kwenye kidimbwi itakuwa hivyo hivyo. Jumamosi ni ya watoto wa mtaa au ya akademia inayolipa? Bili ya maji na umeme, uzinduzi ukishasahaulika, italipwa kutoka fungu gani? Haya ndiyo watu hugombania. Rangi ya ukuta haijampeleka mtu mahakamani.

Sheria haina kigugumizi. Katika kesi ya British American Tobacco mwaka 2019, Mahakama ya Juu ilieleza kwamba ushirikishwaji wa umma uwe wa kweli, usiwe pambo. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na cha 159 kinahimiza upatanishi. Lakini mpatanishi atapatanisha nini ikiwa upande mmoja umekalia karatasi zote? Mzee wa mtaa na mchungaji wakiitwa kutuliza watu kabla ya bajeti kubandikwa ukutani, huko ni kubembeleza.

Sikatai, wapo wanaopinga kwa malipo. Vijana hukodishwa kuzomea, na wapo waliojizoesha kuegesha matatu kwenye kiwanja cha umma wasiotaka kuhama. Dawa yao ni majibu. Anayeuliza kwa dhati hutulia akijibiwa. Wa kukodishwa huendelea kupiga mbinja, na ukumbi mzima unamwona.

Na anayedhani nakichukia kidimbwi aende Njiru akaangalie machimbo ya mawe yanavyojaa maji ya mvua, watoto wakijitosa humo kwa sababu hakuna kiingilio. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021. Kidimbwi kikarabatiwe, tena upesi. Ila kabla lori la kwanza la mchanga halijamwaga, karatasi moja ibandikwe getini: ada ya mtoto, saa za kufungua, jina la atakayeshika ufunguo, na afisi itakayolipa bili ya maji. Mkutano uitwe baada ya hapo.